Kaka, Uliacha Nyasi Zimesimama

Kaka Wendelini,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu la salamu hiyo jitolee mwenyewe huko Lesotho uliko, maana mimi leo sina hakika kama naandika kwa roho ya Kikristo. Shuleni nawafundisha watoto kwamba barua ya ndugu huanza kwa kuuliza hali, mwandishi akasema yeye hajambo, ndipo akaingia kwenye shabaha. Leo mwalimu anavunja kanuni yake. Shabaha ni hii: nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu Agosti, na sasa ni Aprili, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Naandikia darasani, watoto wameshaondoka, na nimefunga mlango ili Mama akipita kutoka kuteka maji asiniulize namwandikia nani.

Kwanza nikuondolee wasiwasi mmoja. Sikulaumu kwa kuondoka. Wako watu hapa Litembo wanaosema mkataa kwao mtumwa, na kila wakisema hivyo mimi ndiye ninayekutetea. Nawaambia huyu alimaliza chuo kikuu akarudi nyumbani kungoja barua ya kupangiwa kazi, kama waliomtangulia walivyopangiwa, akakuta serikali imefunga mlango. Nawakumbusha ulivyokuwa unavaa viatu vyako vya mahafali kila Ijumaa na kushuka Mbinga kwa miguu kuuliza posta, na kurudi jioni umevishika mkononi. Ghala la ushirika lilikuwa limeshakuwa makazi ya popo, kahawa inanunuliwa barabarani na watu wenye mizani yao wenyewe, nguo za mitumba zimejaa mnadani. Kila kitu kilikuwa ruksa, ila kazi. Mwaka mzima na nusu ulikaa. Vijana uliowaacha darasa la saba wakakuita "msomi" kwa sauti ile unayoijua, wanakuuliza kama chuo nacho wanafundisha kushika jembe. Kwa hiyo rafiki yako alipokuandikia kwamba kuna mradi wa kuhifadhi udongo kwenye milima ya Lesotho, mimi nilifurahi kabla yako. Mashati yako niliyafua mimi mwenyewe.

Kosa lako haliko hapo. Kosa lako liko kwenye ule mteremko nyuma ya nyumba.

Unakumbuka Baba alivyokufundisha kupanga nyasi? Mimi nilikuwa bado mdogo, kazi yangu kulinda kibuyu cha togwa kivulini. Ilikuwa Machi, nyasi zimekuzidi kimo. Mlifyeka kwa nyengo, mkaziacha zinyauke, halafu mkaanza kuzilaza mlimani, mistari ya kushuka na mistari ya kukata, mpaka mteremko wote ukawa na miraba kama daftari la hesabu. Baada ya hapo Mama akaja na wenzake na majembe. Wakachimba katikati ya kila mraba, udongo wakaufukia juu ya nyasi, wakapanda maharage kwenye tuta, katikati pakabaki shimo. Hizo ndizo ngolo zetu. Mwanamume nyasi, mwanamke udongo, ndivyo tulivyokuta mambo. Siku ile ulikuwa na haraka ya kwenda kwenye mpira, ukalaza nyasi vibaya upande wa chini. Baba akazivuta zote kwa mguu. "Rudia," akasema. Ukanuna. Akakaa chini kabisa, akachukua togwa, akakuambia ukiwa umempa mgongo, "Wende, maji ni mgeni mkorofi. Mpe kiti, atatulia. Ukimwachia njia, ataondoka na nyumba."

Ulirudia. Tangu Baba alipofariki, ukiwa mwaka wa pili chuoni, ni wewe uliyekuwa unapanga. Kila Machi uliomba ruhusa, ukaja na gari la usiku mpaka Songea, ukapanga, ukarudi kwenye masomo. Mama alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mwanawe yuko chuo kikuu lakini nyasi zake hazijalala na mwanamume mwingine, na wote walicheka, na yeye alicheka zaidi yao.

Halafu ukaja na daftari. Nilikuwa kidato cha tatu, nipo likizo. Ulisema utafiti wako wa kumaliza chuo utakuwa juu ya ngolo za Mama. Ulinunua futi ndefu ya kitambaa, Mama akashika ncha moja, mimi nikashika ncha nyingine, wewe ukaandika. Tulipima mashimo mpaka jua likatuunguza shingo. Mama alikuwa anasema, "Shimo linapimwa? Shimo linachimbwa." Lakini alishika. Ulimuuliza maswali siku nne: kwa nini hapa, kwa nini si pale, mvua kubwa ikija maji yanakwenda wapi. Alikujibu yote. Nakumbuka alivyojisahau, akawa anakueleza kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi, kiuno kimesimama, mkono unaonyesha. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

Siku ya mwisho ulikuwa umeazima kamera. Mama alipoiona alisema ngoja, akaanza kwenda nyumbani kuvaa kitenge chake cha Jumapili. Ukamzuia. "Mama, hapana, inama hivyo hivyo, endelea kulima. Usiangalie huku." Akainama. Ukampiga picha.

Sasa nakuja kwenye siku ile ya Februari. Barua ya Lesotho ilikuwa imefika, safari ni wiki inayofuata, nyasi ndiyo kwanza zinapanda. Tulikuwa jikoni watatu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa najiandaa kwenda chuo cha ualimu, kwa hiyo tulijua wote kwamba Mama anabaki peke yake. Hakulalamika. Alikuwa na jibu lake.

"Nitaita ngokela," alisema. "Nitapika pombe, wanaume waje wapange siku moja, yaishe. Watu wote wanafanya hivyo."

"Mama, mambo ya kunywesha watu pombe ili wakulimie yamepitwa na wakati," ulisema. "Utaanza kuwa mtu wa kuomba kila mwaka. Mimi nitakupimia matuta ya kawaida, ya kukinga mteremko. Ni kazi ya mtu mmoja. Hayataki mwanamume."

"Kwenye mlima huu?"

"Mama. Nimesomea."

Hilo neno lako moja lilimaliza mazungumzo. Kesho yake ulichukua kamba, ukaifunga mafundo kila baada ya hatua moja, ukamwonyesha namna ya kuinyoosha kutoka kigingi hadi kigingi. Mama aliikunja ile kamba kwa uangalifu, akaitundika ukutani chini ya msalaba. Siku tatu baadaye nikakusindikiza.

Tulipanda lori la mahindi mpaka Mbamba Bay, kona kwa kona, ziwa linajitokeza na kujificha. Shangazi anayekaa huko alituchomea samaki wa mbasa, ukala wawili, mimi sikuweza. Meli ya kwenda Nkhata Bay ilichelewa mpaka adhuhuri. Wakati wote ule gatini ulikuwa mchangamfu mno, kaka, umenunua pipi, unanitania kwamba nitaolewa na Mnyasa niwe nakula dagaa wa usipa asubuhi na jioni. Nilidhani ni furaha ya safari. Ulisema, "Miaka miwili tu, mdogo wangu. Na Mama hana shida, nimeshampangia." Nilikuamini, nikawa napunga mkono kama mjinga mpaka meli ikawa ndogo. Miaka miwili yako sasa ni saba.

Mwaka wa kwanza matuta yalipendeza. Watu walipita kuyaangalia, Mama akiwaonyesha kamba. Mwaka wa pili mvua ilikata matuta matatu, Mama akayaziba kwa mawe. Mwaka wa tatu ilinyesha siku mbili mfululizo, na usiku wa pili mteremko ukafunguka katikati kutoka juu mpaka chini. Ukaondoka na mahindi, ukaondoka na mistari ya kahawa aliyoipanda Baba kule bondeni, ukajaza tope kisima ambacho wewe na mimi tumebatizwa kwa maji yake. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Huku kwetu udongo ndio hauzoleki. Nilipokuja likizo nilikuta korongo, mtu mzima akishuka humo humwoni.

Hukuambiwa kwa sababu Mama alikataza. "Usimsumbue mtoto, yuko ugenini." Lakini hilo silo lililoniuma. Lililoniuma ni kumkuta Mama na ile kamba. Alikuwa ameishusha ukutani, anaipima kwa hatua zake, fundo hadi fundo, mara ya ngapi sijui. "Nadhani niliilegeza pale juu," aliniambia. "Kaka yako alisema niivute sana. Mimi sikuivuta sana." Nikamwambia Mama, mvua haikuuliza kamba. Akatikisa kichwa. "Yule amesomea. Aliyekosea ni mimi."

Miaka minne amesema hivyo, Wendelini. Amelisema kwa majirani. Amelisema kwa baba mdogo. Na najua amelipeleka mpaka kwenye kitubio, maana alirudi kutoka kanisani siku moja akaniambia padre kamwambia kupima vibaya si dhambi.

Agosti wakaja wageni wa mradi wako, mama mmoja wa Kizungu na mwenzake, wameongozana na bwana shamba. Walikuwa na kijitabu cha kufundisha watu wa huko ngolo. Ndani yake kuna ile picha. Bwana shamba alimwonyesha Mama akamuuliza kama anamfahamu mtu huyo.

"Mgongo ni wangu," Mama alisema.

Wageni wakafurahi sana, wakataka kuliona shamba lenyewe. Nilifungua mdomo niseme. Mama akanitangulia. "Twendeni," akasema, akachukua jembe, akawapitisha kwa njia ya juu, mbali na korongo letu, mpaka shamba la jirani yetu Mzee Nikodemu, ambalo ngolo zake hazijawahi kuguswa. Akaingia katikati ya shamba la watu, akainama. Bila kuambiwa na mtu, kaka. Alikumbuka. Wakampiga picha, wakampa mkono, wakaondoka, na bwana shamba ambaye analijua shamba letu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama akarudi nyumbani, akasema, "Ningemwaibisha mbele ya wakubwa wake?"

Kijitabu waliniachia. Chini ya picha umeandika, au wameandika, sijui: mkulima mwanamke, kusini mwa Tanzania. Nilitafuta jina lake kurasa zote. Lako lipo mara tatu.

Ndipo nikafungua sanduku lako la bati. Nilitaka tu kuona kama ile picha ya kwanza ipo. Nikakuta nakala ya utafiti wako. Ni Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo niliazima kamusi ya shule nikausoma kwa wiki tatu, kila siku baada ya vipindi, hapa hapa nilipokaa. Ni kazi nzuri. Nisingependa kulisema hilo lakini ni kazi nzuri. Maneno ya Mama yote yamo, na yale ya Baba ya mgeni na kiti yamo, ingawa umeandika tu kwamba wazee wa eneo hilo wanaamini. Halafu nikafika karibu na mwisho. Umeandika kwamba mteremko mkali kama huu wa kwetu, ukiachishwa ngolo na kulimwa matuta ya kawaida, hautavuka misimu mitatu ya mvua. Misimu mitatu. Nilikwenda kwenye kamusi nikidhani nimekosea neno. Nikamuuliza mwalimu mwenzangu wa Kiingereza. Akanitafsiria vile vile.

Ulijua.

Ulikaa pale jikoni, Mama akakuuliza "kwenye mlima huu?", na wewe ulikuwa umeshaandika jibu, limepigwa taipu, limefungwa jalada. Ukasema umesomea. Nimejiuliza kwa nini, na nimepata jibu moja tu. Ngokela ingekuumiza. Mama kupika pombe na kualika wanaume wa watu wapange nyasi zako ilikuwa ni kutangaza kijiji kizima kwamba nafasi yako iko wazi, na kila Machi ungekumbuka. Matuta yalikuwa yanakusahaulisha. Ulitaka kuondoka na mzigo mwepesi, ukautua juu ya mgongo wa Mama, mgongo ule ule ulioupiga picha. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Nilikuwa nikilisikia hilo na kufikiria majirani.

Huenda nimekuonea. Huenda ulidhani utarudi kabla ya msimu wa tatu. Ulisema miaka miwili, na nimeihesabu pia hiyo. Lakini kama ndivyo, ulikuwa na miaka mitano mingine ya kuandika sentensi moja: Mama, rudisha ngolo, mimi sirudi upesi. Hukuiandika. Uliandika Januari, ukasema wageni wako wamefurahi sana, shamba limependeza, na Machi nyasi zikipangwa tumpige Mama picha nyingine, nzuri zaidi, kwa ajili ya kijitabu cha pili. Hukuuliza hata ngolo zimerudi lini. Nilimsomea Mama barua hiyo. Unajua alisema nini? "Twende tena kwa Nikodemu."

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mama yangu, na nimeshamwomba radhi.

Machi hii, upande wa kushoto wa korongo, pale palipobaki udongo, nilichukua nyengo ya Baba nikaingia mimi. Nilifyeka jioni baada ya shule siku tisa. Zilipokauka nikaanza kupanga. Wanaume waliopita njiani walisimama kuangalia mwanamke anayelaza nyasi, mmoja akaniuliza kama nimeanza kuota ndevu. Baba mdogo alikuja amekunja uso.

"Nyasi hazipangwi na mwanamke," alisema. "Tutafute mtu."

"Mtu yupo Lesotho, baba mdogo," nilisema. "Anafundisha watu kuzipanga."

Akaondoka. Kesho yake nilimkuta ameshafika kabla yangu, ana nyengo yake, ameanzia juu. Alipofika kwenye mistari yangu ya chini aliivuta kwa mguu akaniambia nirudie. Nilirudia huku nalia, na sikulia kwa ajili ya mistari. Mama alifukia udongo wiki iliyofuata. Ni ngolo chache, hazifiki robo ya zile za zamani. Mvua ya juzi ilizijaza, na asubuhi maji yalikuwa yamekaa. Kamba yako tunafungia mbuzi.

Na picha uliyoiomba imepigwa, iko ndani ya bahasha hii. Nilimwita mpiga picha kutoka Mbinga. Nikamwambia Mama avae kitenge chake cha Jumapili. Akabisha kwamba wewe hutaki hivyo, nikamwambia mwenye picha leo ni mimi. Utamwona amesimama wima, anatazama mbele, na pembeni yake pande zote mbili ni ukuta wa udongo mwekundu uliompita kichwa. Amesimama ndani ya korongo. Mahali pale ndipo ulipopanga nyasi ukarudia. Ukiipeleka kwenye kijitabu, usiandike mkulima mwanamke. Anaitwa Osmunda. Usipoipeleka, itazame hivyo hivyo.

Kuhusu ile karatasi ya sandukuni, sijamwambia. Nimejizuia miezi minane, na imekuwa kazi ngumu kuliko kufyeka. Kila akisema "niliilegeza kamba" naenda nje. Sitamwambia, kwa sababu nikimwambia mimi atakutetea. Atasema Kiingereza changu kidogo. Siku ile, mpiga picha alipomaliza, Mama alinivuta pembeni akanipa ujumbe wa kukuletea, nami nimeahidi kuufikisha kama ulivyo: "Mwambie kaka yako anisamehe kwa shamba. Kamba niliishika vibaya."

Nimeufikisha. Sasa jibu. Sitaki vitu, wala safari yako ya kuja kunituliza mimi. Ukipenda kuja, njoo Machi nyasi zikiwa zimesimama. Ninachodai ni barua moja kwa Mama, umwambie kamba hakuishika vibaya, na umwambie nani alijua. Iandike kwa Kiswahili, na kwa herufi kubwa. Alisoma ngumbaru, ataisoma mwenyewe.

Ni mimi niliyeshika ncha nyingine ya futi,

mdogo wako.